Gauni la Mnadani

Siku ya mnada pale Mugumu, kabla ng'ombe hawajamaliza kuingia zizini, Arafa alikuwa amekwisha kutundika gauni lake kwenye nguzo ya kibanda chake cha vitenge. Lilikuwa la kitenge cha maua ya njano, pana kiasi cha mgeni kudhani ni pazia linalouzwa. Mwenyewe alilivaa kwenye harusi ya mdogo wake, tena siku hiyo lilimbana kwapani akala pilau kwa taabu. Sasa hakulivaa kwa kujistiri. Alilivaa kwa kuuzia.

Alikuwa akingoja wanawake wajazane mbele ya vitenge, wakivigeuzageuza na kuvinusa. Hapo hulishusha lile gauni, akalivaa juu ya nguo zake, akalivuta ubavuni kuonyesha pengo.

"Mwenye macho haambiwi tazama! Gauni ni langu na mwili ni wangu. Nafasi bado ipo! Nani anaingia?"

Hakukosekana mtundu mmoja wa kujipenyeza kwa chini, akatokezea juu. Shingo ya gauni ilikatwa pana, kwa mtindo wa enzi zile wa kuanguka begani, kwa hiyo vichwa viwili vilitosha, shavu kwa shavu, na watu wakacheka mpaka wauza mbuzi wakaja kuona kuna nini. Kicheko kilipopoa, Arafa aliinama chini ya meza akatoa pakiti za kijani. Ilikuwa chai ya kupunguza mwili. Pakiti ilikuwa na picha ya kiuno cha mwanamke asiye na kichwa, na maandishi ambayo hakuna mtu mnada mzima aliyeweza kuyasoma, muuzaji akiwamo.

Chai hiyo aliipata kwa Lilian, mwanamke wa Sirari mwenye maneno mengi na kucha ndefu. "Hii kitu inafanya kazi poa, mama," Lilian alimwambia siku ya kwanza. "Mafuta inayeyuka, inatoka na mkojo. Ukiona unaenda choo kila saa, ujue inachapa kazi."

Na Arafa alienda choo kila saa. Alishikwa na kiu ya ajabu, akinywa jagi zima na koo likabaki kavu. Alichoka kabla ya adhuhuri, na jioni herufi za kwenye simu zilimchezea. Yote hayo aliyapokea kwa furaha, maana kila ishara alishaandaliwa maelezo yake. Kiu ilikuwa mafuta yakiyeyuka, na uchovu ulikuwa mwili ukizoea wepesi. Nguo zikaanza kumning'inia, akaona amepona ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao.

Mumewe Faridu alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba chake cha kazi mtaa wa pili kutoka msikitini. Yeye ndiye aliyempunguzia zile nguo, blauzi baada ya blauzi, na kila mara aliukunja mshono kwa ndani bila kukata kitambaa.

"Kata tu," Arafa alimwambia. "Unaniwekea mazigo ya nini?"

"Kitambaa hakiozi," Faridu alijibu bila kuinua macho. "Na wewe mke wangu, hiyo chai yako unavyoipigia kelele, mimi inanitia shaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Wivu," akasema Arafa, akacheka, akaenda kunywa maji.

Katika wote walioingia kwenye gauni lile, mmoja hakuwa mteja. Alikuwa rafiki. Robi alitoka Morotonga kila asubuhi na madumu ya maziwa, na nyumba ya Arafa ilikuwa ya kwanza kupata na ya mwisho kuachwa, kwa sababu Robi alikaa hapo mpaka vikombe viwili vya chai viishe na habari za mji mzima ziishe pia. Mmoja alikuwa Mkurya wa ng'ombe na mahindi, mwenzake mtoto wa wafanyabiashara Waislamu waliofika Mugumu zamani na mizigo ya nguo. Wote wawili walikuwa na miili, na kwa muda mrefu mwili wao ulikuwa mzaha wao. Kiti cha mbao cha barazani walikiita mgonjwa, kwa jinsi kilivyolia walipokikalia.

Kisha kliniki ikamwambia Robi presha imepanda. Alipewa vidonge, na kimojawapo kilikuwa cha kukojoza, ili maji yapungue mwilini. Akaambiwa apunguze na uzito, magoti yapumue.

"Nipunguze vipi?" alimuuliza Arafa, dumu likiwa bado mkononi. "Wameniambia nitembee. Mimi natoka Morotonga na maziwa kichwani, hao wanaonituma kutembea wamekuja kwa pikipiki. Mama Ummy, nipe hiyo ya kwako."

Arafa alimpa, tena bure, kwa mapenzi. Akamwambia kikombe kimoja jioni, kifuko kimoja tu cha majani ndani yake. Robi akamwomba jambo moja: mumewe asijue. Mzee Nyangwine alikuwa mtu wa heshima zake, na kwa watu wa rika lake mke anayepungua ni mashtaka yanayotembea. Watu wangesema ameuza maziwa yote, nyumbani amebakiza jivu.

Baada ya siku chache Robi alirudi na malalamiko. "Hii dawa yako inabisha hodi tu, Mama Ummy, haiingii ndani."

Ieleweke kwamba kwao Robi, tangu kwa bibi yake, dawa ilipimwa kwa mambo mawili: uchungu wake na mbio zake. Bibi alikuwa akichemsha mizizi mpaka maji yawe meusi, mgonjwa akanywa kibuyu kizima, akashinda nyuma ya nyumba, na ndugu wakafurahi kwamba uchafu unatoka. Dawa isiyokukimbiza ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo Robi alifanya alichofundishwa na waliompenda. Alifungua pakiti, akamwaga vifuko vyote kwenye sufuria, akachemsha, akanywa kwa kibuyu, asubuhi na jioni.

"Nachemsha pakiti nzima. Sasa inaingia," alimwambia Arafa, akishika kiuno. "Usiku kucha niko njiani. Inafua kabisa."

Na Arafa alicheka. Alijua kifuko kimoja ndicho alichoambiwa na Lilian, alijua pia kwamba rafiki yake ana vidonge vya presha. Lakini shavu la Robi lilikuwa limeanza kushuka, na wanawake wawili mnadani walikuwa wameshauliza Robi anatumia nini. "Kila mtu na tumbo lake," alisema, akamwongezea pakiti.

Haikupita muda, asubuhi moja maziwa hayakuja. Arafa alidhani ng'ombe wamegoma. Kesho yake pia hayakuja, na ilipokaribia saa nne akasimama mlangoni Neema, binti mkubwa wa Robi, kanga yake imejaa vumbi la shambani.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama ameanguka. Alikuwa anapalilia, akasema miguu haipo, akaanguka. Yuko hospitali."

Arafa alisahau hata kufunga mlango.

Robi alikuwa amelala chali, dripu mkononi, midomo imepasuka kwa ukavu. Bila kicheko alionekana mtu mwingine. Mzee Nyangwine alisimama kichwani pa kitanda, mrefu, fimbo kwapani, kofia mkononi. Daktari alikuwa kijana aliyeitwa Godwin, mwenye sauti ya chini, na macho yake hayakuondoka kwenye mashine iliyokuwa ikihesabu mapigo.

"Moyo unapiga ovyo," alisema. "Unakimbia, unaruka, unasita. Mwili umekauka na chumvi zake zimetoka, hasa ile inayouongoza moyo. Mzee, nahitaji kujua amekunywa nini. Dawa ya dukani, ya kienyeji, chochote."

"Vidonge mlivyompa nyie," akasema Nyangwine. "Na ugali na maziwa. Mke wangu hali kitu nisichokijua, daktari."

Robi alifungua macho. Yalizunguka mpaka yakamkuta Arafa, yakakaa hapo kidogo, kisha akayafumba.

Arafa alisema anakwenda kunywa maji. Alikwenda kweli kwenye bomba la uani, akanywa mpaka tumbo likajaa, akaenda chooni, akarudi kukaa kwenye benchi la nje. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao bado. Kitu cha kwanza alichokiwaza kilikuwa kibanda. Aliwaza boksi lililojaa chini ya meza, aliwaza fimbo ya Nyangwine, aliwaza mji mdogo ule ambako jina la Faridu fundi lilijengwa kwa miaka mingi na lingevunjwa kabla ya Ijumaa. Akajiambia madaktari wana mashine, watagundua wenyewe. Akajiambia pia kwamba yeye anakunywa chai ileile na yuko mzima wa afya. Hilo la pili alilirudia mara kadhaa, maana lilimtuliza.

Neema akaja kukaa karibu naye. Hakuwa analia. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Mama mdogo, wewe anakwambia vitu ambavyo sisi hatuambii. Hakukwambia kitu?"

Arafa alimtazama yule binti, akaona pua ya Robi na paji la uso la Robi, likiwa bado halijapata mikunjo. Akasikia aibu kali, ya kumfanya atake kukimbia. Alinyanyuka, lakini miguu ikampeleka ndani.

"Amekunywa chai ya kupunguza mwili," alisema mbele ya kitanda. "Nyingi. Amechemsha pakiti nzima kwa mara moja, asubuhi na jioni. Nilimpa mimi. Na nilijua anazidisha, nikanyamaza."

Nyangwine aligeuka polepole. Daktari hakumpa nafasi ya kusema. "Unayo hapo?"

Ilikuwamo kwenye mkoba, kama kawaida, kwa ajili ya mteja wa njiani. Godwin akaigeuza pakiti huku na huku, akaifungua, akainusa.

"Majani ya kuharisha haya, kwa sehemu kubwa. Anaharisha huku, kidonge cha presha kinamkojoza huku, chumvi zote zinatoka kwa milango miwili. Na humo ndani kuna nini kingine, mimi sijui, na aliyekuuzia hajui. Ziko chai na vidonge vya namna hii vilivyopimwa vikakutwa na dawa zilizopigwa marufuku kwa sababu zinawasimamisha watu moyo." Alishamgeukia muuguzi, akaagiza kidonge cha kukojoza kisimamishwe, akaagiza na cha kuwekwa kwenye dripu. Kisha akarudi kwa Arafa. "Umefanya vizuri kusema. Mficha uchi hazai."

"Lakini inapunguza, daktari," Arafa alijikuta akijitetea, na kijisauti chake mwenyewe kikamchukiza. "Mimi imenipunguza. Nusu ya mwili wangu imekwenda."

Godwin akamwangalia kwa mara ya kwanza. Aliangalia mifupa ya shingo iliyochongoka, akaangalia chupa ya maji aliyoishika, ambayo alishaijaza bombani na alishaimaliza tena.

"Unasikia kiu sana?"

"Ndiyo inavyofanya kazi."

"Unaamka kukojoa? Macho yanaona ukungu? Unakula na bado unapungua?"

Arafa alitikisa kichwa kukubali, mara tatu. Daktari akamkalisha, akamtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo kidogo. Kile kipimo hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili tu, na Arafa akauliza kama kimeharibika.

"Hakijaharibika. Sukari yako imepita mahali kinapoweza kuhesabu." Akavuta kiti. "Mama, hii chai haijakupunguza. Anayeharisha anapoteza maji, akinywa maji yanarudi, mafuta yako palepale. Wewe una kisukari. Chakula unachokula kinakuwa sukari, sukari inapita na mkojo, na mwili ukikosa chakula unajila wenyewe. Kama ungeendelea hivi, tungekuokota kama tulivyomwokota mwenzako."

Arafa alikumbuka mnada, na vicheko, na vichwa viwili shingo moja. Alikuwa ameuzia watu ugonjwa wake akidhani ni uzuri, na watu walikuwa wameununua.

Walimlaza wodi hiyohiyo. Jioni Faridu alikuja na mswaki, kanga na uji usiotiwa sukari, akakaa pembeni ya kitanda akimshika kidole kile kilichotobolewa. Hakumkumbusha lolote alilowahi kumwambia, na Arafa alimpenda kwa hilo kuliko siku aliyomuoa.

"Kitambaa sijakikata," alisema baadaye, alipokuwa akiondoka. "Kipo chote kwa ndani. Ukirudi, nafumua tu."

Moyo wa Robi ulitulia polepole. Siku aliyoweza kukaa na kushika kikombe mwenyewe, Arafa alivuka wodi kwenda kwenye kitanda chake. Nyangwine alikuwapo.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Mzee aliegemeza fimbo kitandani. "Hiyo chai uliisifia wapi?"

"Mnadani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi kwetu neno lililosemwa mbele ya watu haliombewi radhi chumbani. Hapa kitandani mimi ukiniomba nitasikia peke yangu, na wale wengine wataendelea kunywa. Ulilolisema mnadani, ukalifute mnadani. Palepale, saa ileile, na nguo ileile. Ukishalifuta, maziwa yatarudi kwako."

"Watanicheka, mzee."

"Si walikuwa wanacheka?"

Robi alikuwa akimtazama rafiki yake juu ya kikombe, na Arafa hakuweza kujua kama amesamehewa.

Siku ya mnada ilipofika, Arafa alikuwa ameshatoka hospitali; alijidunga sindano yake ya sukari ya asubuhi kama alivyofundishwa, akala, akafunga boksi la pakiti kwa kamba akaliacha uani kwa ajili ya shimo la taka. Alikwenda kibandani na gauni tu. Alilitundika kwenye nguzo kama kawaida.

Wanawake walijazana. Akalivaa. Wakaanza kucheka hata kabla hajafungua mdomo, kwa mazoea.

"Nisikilizeni," alisema. "Nilikuwa nawaambia chai ndiyo imenipunguza. Si kweli. Nilikuwa naumwa sukari na sikujua. Chai hii inaharisha tu, na imemlaza mtu hospitali. Msiinywe. Mwenye pakiti nyumbani aitupe, na mwenye presha au moyo aende kupima leo."

Maneno yakaanza.

"Anataka kupandisha bei huyo."

"Amepata wateja wa Tarime, sisi tumekuwa wadogo."

"Mbona wewe umekwisha kupungua? Umevuka mto, unavunja daraja!"

Akajisogeza mbele Teresia, muuza dagaa, mwanamke mnene mwenye uso mzuri, aliyekuwa amenunua tangu mwanzo. Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa sauti ya kuomba, karibu ya kunong'ona. "Mama Ummy, hata kama ni ugonjwa. Niuzie iliyobaki. Harusi ya mwanangu ni mwezi ujao."

Matusi Arafa alikuwa amejiandaa nayo, lakini hilo hakujiandaa nalo. Alimtazama Teresia na akajiona mwenyewe siku ya pilau, kwapa limebanwa. Machozi yakamtoka mbele ya mnada wote, na bado aliona wanangoja atoe boksi.

Ndipo watu wa nyuma walipoanza kupisha. Robi alikuwa akija, taratibu, ameshikwa mkono na Neema, na mzee Nyangwine nyuma yao na fimbo yake. Walioizoea sura yake kila asubuhi na madumu ya maziwa hawakumtambua mara moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa, ngozi ya mikono inalegea kwenye mfupa. Mtu mmoja alitaja jina lake kwa kuuliza.

Robi hakumsalimia mtu. Alifika kibandani, akauachia mkono wa bintiye, akainama kwa shida akajiingiza ndani ya gauni. Arafa alisikia pumzi yake fupi ikipanda tumboni pake, kifuani, kisha kichwa kikatokea shingoni, shavu kwa shavu. Shavu lake lilikuwa la baridi. Chini, ndani ya kitenge, mkono wa Robi uliutafuta mkono wake ukaukamata.

Walisimama hivyo, wawili, mbele ya watu. Gauni ambalo zamani lilimbana mmoja lilikuwa limewameza wote wawili, na bado lilipwaya pande zote. Safari hii hakuna aliyecheka. Teresia aliweka kiganja mdomoni.

Robi alipata pumzi. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilifika mpaka kwa wauza mbuzi.

"Nafasi bado ipo," alisema. "Nani anaingia?"